Mjamzito au unanyonyesha na umeajiriwa: hatua za kufuata kuanzia kliniki hadi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)

Kwa miaka niliyokaa kwenye kamati ya wanawake ya tawi la chama cha wafanyakazi, kesi nyingi za likizo ya uzazi nilizoziona zikiharibika ziliharibikia mahali pamoja: hapakuwa na barua. Mama alimwambia msimamizi wake kwa mdomo. Msimamizi akajibu "hongera, tutaona". Baadaye msimamizi akahamishwa, na mimba ilipofika mwezi wa nane ofisi ikadai haina taarifa yoyote. Sheria ilikuwa upande wa mama tangu mwanzo, ila hakuwa na ukurasa mmoja wenye tarehe wa kuonyesha. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitarudia neno barua hadi likuchoshe.

Haya ni maelezo kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara, hasa wa sekta binafsi: kiwandani, dukani, hotelini, shule binafsi, shambani, na nyumbani kwa watu. Dada wa kazi naye ni mwajiriwa, sheria haikumwacha nje. Sheria yenyewe ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, na mengi yanayokuhusu yako kwenye kifungu cha 33. Zanzibar wana Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo msomaji wa Unguja na Pemba asichukue hesabu za humu kama zake. Mtumishi wa umma asome pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma. Askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT wana taratibu zao.

Hatua ya kwanza: pata tarehe yako kutoka kliniki

Nenda kliniki mapema, ikiwezekana ndani ya wiki 12 za mwanzo. Afya yako na ya mtoto ndiyo sababu kubwa, lakini ipo sababu ya kikazi pia. Haki zako zote zinahesabiwa kutoka tarehe ya makadirio ya kujifungua, na tarehe hiyo anaiandika mtaalamu wa afya. Ukianza kliniki mimba ikiwa ya miezi saba, hata ukitaka kufuata utaratibu, muda umeshakuponyoka.

Mwombe daktari akuandikie cheti kinachosema una ujauzito wa wiki ngapi na unatarajia kujifungua lini. Kadi ya kliniki usimwachie mwajiri. Piga picha kurasa zake, toa nakala, kadi yenyewe ubaki nayo. Nimeona ofisi "ikihifadhi" kadi ya mama kwenye faili, na siku ya uchungu mama anafika hospitali mikono mitupu, mkunga hajui hata kundi lake la damu.

Kama ndiyo kwanza unatafuta kazi, jua hili: sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, na ulinzi huo unamfikia hata anayeomba kazi. Mwajiri anayekuuliza kwenye usaili una mpango wa kuzaa lini, halafu akakunyima kazi kwa jibu ulilompa, amevunja sheria. Mkiwa wengi mlioulizwa hivyo, andikeni majina ya waliowahoji, siku na maneno yaliyosemwa kabla hamjasahau.

Hatua ya pili: andika barua miezi mitatu kabla

Sheria inakutaka umpe mwajiri taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Barua yenyewe haihitaji ufundi. Inatosha hivi:

"Kwa Meneja Rasilimali Watu. YAH: TAARIFA YA LIKIZO YA UZAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi (jina, cheo na namba ya ajira) ninakutaarifu kuwa ni mjamzito na ninatarajia kujifungua tarehe 20 Novemba, kama inavyoonekana kwenye cheti cha daktari nilichoambatanisha. Ninakusudia kuanza likizo ya uzazi ya siku 84 tarehe 13 Novemba na kurejea kazini tarehe 5 Februari. Naomba nipatiwe majibu kwa maandishi. Wako katika kazi."

Chapa nakala mbili. Moja wapelekee, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, iwe na tarehe na saini ya aliyeipokea, kisha urudi nayo nyumbani. Kazini hakuna muhuri? Aliyepokea aandike kwa kalamu: "Nimepokea", jina, saini, tarehe. Akikataa kusaini, tuma kwa barua pepe au picha kwa WhatsApp ya msimamizi siku hiyo hiyo, na ongeza mstari mmoja: "Nimeleta barua hii ofisini leo asubuhi, naituma tena hapa kwa kumbukumbu." Ujumbe huo usiufute hata ukibadilisha simu.

Dada wa kazi anaweza kuona barua ni jambo la ofisini tu. Kwake ujumbe mfupi wa simu kwa mama mwenye nyumba unafaa: "Shikamoo mama, kama nilivyokueleza jana, kliniki wamesema nitajifungua mwezi wa kumi na moja tarehe 20. Naomba nianze likizo tarehe 13." Kwa adabu kabisa, na tarehe imeingia kwenye maandishi.

Na aliyechelewa? Sheria haikusema anayechelewesha taarifa anapoteza likizo. Peleka barua leo. Mwajiri akilalamika kuchelewa, mjibu kwa upole na umweleze sababu, lakini usikubali kusaini karatasi inayosema umesamehe siku zako kwa kuchelewa.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya siku zako kabla hawajakupigia

Likizo ya uzazi ni siku zisizopungua 84 zenye malipo kamili, na siku 100 ukijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Siku hizi ni za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Unaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya makadirio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji hivyo.

Hapa kuna uamuzi ambao akina mama wengi wanaufanya bila kupiga hesabu. Chukua huyo wa tarehe 20 Novemba. Akianza likizo mapema kabisa, tarehe 23 Oktoba, siku 84 zinaisha tarehe 14 Januari na anarudi kazini tarehe 15. Mtoto, kama amezaliwa kwa tarehe, ana wiki nane kamili. Akianza tarehe 13 Novemba, wiki moja tu kabla, anarudi tarehe 5 Februari, na mtoto ana wiki 11. Wiki hizo tatu ni kubwa mno kwa mtoto mchanga. Kama mwili unaruhusu na daktari hana wasiwasi, mimi huwashauri akina mama wasikimbilie kuanza mapema. Kama miguu imevimba, presha inapanda, au kazi yako ni ya kusimama kutwa, basi usijikaze: pata cheti cha daktari, na wiki za mwisho za ujauzito ziombee kazi nyepesi au likizo ya ugonjwa.

Ndani ya wiki sita baada ya kujifungua hakuna ruhusa ya kufanya kazi mpaka daktari athibitishe kwamba unaweza. Bosi anayekupigia simu mtoto akiwa na wiki tatu, "njoo siku mbili tu ufunge mahesabu", anaomba kitu ambacho sheria imekikataza.

Kuna mipaka ya kuijua mapema. Kwa kawaida haki za likizo zinaanza ukishatimiza miezi sita kazini. Wa kazi za msimu nao wana haki hizo, na wale wanaoitwa na kuachwa na mwajiri yule yule wanahesabiwa pia kama jumla ya vipindi vyao ndani ya mwaka inazidi miezi sita. Likizo yenye malipo ni moja ndani ya mzunguko wa miezi 36, na mwajiri analazimika kulipia likizo nne za uzazi kwa mfanyakazi mmoja. Ukipata mimba nyingine kabla ya miezi 36 kwisha, zungumza mapema kuhusu likizo ya mwaka au likizo isiyo na malipo, na mlichokubaliana kiandikwe. Hata hapo, mimba si sababu ya kukufukuza.

Likizo yako ya mwaka ya siku 28 ni kitu kingine. Haimezwi na likizo ya uzazi, na mwajiri haruhusiwi kukuandikia likizo ya mwaka mahali pa likizo ya uzazi. Hakikisha fomu uliyojaza imeandikwa aina sahihi ya likizo. Hii ni karatasi ndogo ambayo watu wanaisaini wakiwa wamesimama mlangoni, halafu mwezi wa sita wanagundua hawana likizo iliyobaki.

Hatua ya nne: omba kuondolewa kwenye kazi ya hatari na zamu za usiku

Hatua hii isisubiri mwezi wa sita wa mimba. Mwajiri haruhusiwi kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Kazi unayoifanya ikiwa na hatari, anapaswa kukupa nyingine inayofaa pale inapowezekana, kwa masharti yasiyo mabaya kuliko ya mwanzo. Maana yake mshahara haushuki kwa sababu umehamishwa kutoka kwenye mashine kwenda kwenye meza ya kupanga lebo.

Hatari gani? Kwenye mashamba ya maua kule Arusha, dawa za kuua wadudu ndani ya vitalu. Kwenye viwanda vya rangi, magodoro na plastiki, mvuke wa kemikali. Hospitalini, chumba cha eksirei na dawa za saratani. Ghalani, kubeba magunia na maboksi. Saluni, dawa za nywele kwenye chumba kisicho na dirisha. Hata mshika mashine ya pesa dukani anayesimama tangu kufungua hadi kufunga ana haki ya kuomba kiti, na ombi la kiti ni dogo mno kukataliwa. Mweleze daktari kwa undani unachofanya kazini, kwa sababu yeye akiandika tu "apumzike" mwajiri atatafsiri anavyotaka. Aandike wazi: asinyanyue vitu vizito, asifanye kazi penye viuatilifu, akae walau dakika kadhaa kila saa.

Usiku, kwa sheria, unaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hupaswi kupangiwa zamu ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na hata kabla ya hapo ukiwa na cheti cha daktari kwamba huwezi. Baada ya kujifungua ni hivyo hivyo kwa miezi miwili, na inaendelea zaidi ya hapo daktari akithibitisha kwamba wewe bado hujawa sawa au afya ya mtoto hairuhusu. Kwa mfano wetu, kuanzia tarehe 20 Septemba jina la mama huyo halitakiwi kuonekana kwenye ratiba ya usiku. Walinzi, wauguzi, wahudumu wa hoteli na wa vituo vya mafuta, ratiba ikibandikwa ukutani na jina lako limo, ipige picha, kisha andika barua.

Hatua ya tano: fuatilia NSSF mapema

Mshahara wa likizo unalipwa na mwajiri. Mafao ya uzazi ya NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ni jambo jingine linaloongezeka juu yake, na hayamfutii mwajiri wajibu wake. Ili uyapate unahitaji kuwa umechangia miezi isiyopungua 36, na kati ya hiyo miezi 12 iwe ndani ya miezi 36 ya karibuni kabla ya kujifungua.

Angalia taarifa zako za michango ukiwa na mimba changa. Wapo waajiri wanaokata mshahara kila mwezi na wasipeleke kitu, na mama anakuja kugundua akiwa amebeba mtoto mgongoni kwenye foleni. Hati zako za mshahara zinazoonyesha makato ndizo ushahidi. Ofisi ya NSSF ya wilaya ipokee malalamiko yako kwa maandishi, na hapo napo nakala yenye muhuri irudi nyumbani. Uliza pia fomu zao za uzazi na muda wa kuzirudisha, uzijaze ukiwa bado una nguvu za kupanga foleni.

Mambo yasipokwenda ulivyotarajia

Mtoto akizaliwa njiti, yaani kabla ya wakati wake, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamekuongezea muda: kipindi kilichobaki kufikia wiki 40 za ujauzito kinaingizwa kwenye likizo, kisha ndiyo siku za kawaida zinahesabiwa. Mama aliyejifungua wiki ya 32 anapata wiki nane zaidi. Mabadiliko haya yalipiganiwa kwa muda mrefu na wazazi wa watoto njiti waliokuwa wanamaliza likizo yote wakiwa wodini, mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi kwa njia ya kangaroo, halafu wanaitwa kazini siku chache baada ya kuruhusiwa. Chukua barua ya hospitali inayoonyesha wiki za ujauzito mtoto alipozaliwa na uipeleke kazini. Ukishindwa kwenda mwenyewe, mtume mume au ndugu, na nakala igongwe muhuri kama kawaida.

Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa, na ukapata ujauzito mwingine ndani ya mzunguko ule ule, unayo haki ya siku nyingine 84 zenye malipo. Mimba ikitoka, tumia likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari: ndani ya mzunguko wa miezi 36 sheria inatoa hadi siku 126, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Najua siku hizo mtu hana moyo wa kuandika barua. Mwenzako wa kazini au kiongozi wa tawi anaweza kukuandikia, wewe uweke saini tu. Na anayesimamia wafanyakazi akisoma hapa, tafadhali usimwombe mama aliyepoteza mimba maelezo mbele ya watu.

Baba wa mtoto, kama naye ameajiriwa, ana siku tatu zenye malipo, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mtoto akiwa njiti, marekebisho ya 2025 yamezifanya siku saba. Ni chache, lakini wengi hawaziombi kabisa.

Hatua ya sita: kurudi kazini na kunyonyesha

Unarudi kwenye kazi yako, kwa masharti yale yale uliyoyaacha. Ukikuta mtu amekaa kwenye kiti chako na wewe unaambiwa "subiri nyumbani tutakuita", elewa kwamba sheria inahesabu kumzuia mama kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi kuwa ni kuachishwa kazi. Usikae nyumbani miezi miwili ukisubiri simu. Siku hiyo hiyo andika: "Nimeripoti kazini leo baada ya likizo ya uzazi na nimeelekezwa kurudi nyumbani." Utaona huko mbele kwa nini tarehe hiyo ina thamani.

Sasa kunyonyesha. Mwajiri anatakiwa kukuruhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kanuni za mwaka 2017 zinataja kipindi kisichopungua miezi sita mfululizo baada ya likizo kwisha. Hii ndiyo haki inayopotea kirahisi kuliko zote, kwa sababu wengi wanaambiwa "mtoto yuko nyumbani, utamnyonyeshaje hapa?" na wanakubali.

Panga mwenyewe jinsi saa hizo zitakavyotumika, kisha ulete pendekezo. Anayeishi karibu na kazini anaweza kwenda nyumbani saa tano na kurudi saa saba. Anayetoka Mbagala kwenda Posta hana faida na mapumziko ya katikati ya siku, atayamalizia yote kwenye daladala. Huyo aombe kuingia saa moja baadaye asubuhi na kutoka saa moja kabla ya wenzake, au atoke saa mbili mapema kila siku. Mwenye mtoto anayeletwa kazini na dada au bibi achukue vipindi viwili vya saa moja moja. Na anayekamua maziwa agawe saa zake mara tatu au nne, maana matiti hayasubiri ratiba ya mkutano. Yakijaa bila kukamuliwa yanavimba, yanauma, homa inapanda, na maziwa yenyewe yanapungua.

Kuna dada mmoja, mshonaji kiwandani, niliyemkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye stoo ya mifagio, anakamua maziwa kwenye kikombe cha plastiki, mlango ameuegemea kwa mgongo ili fundi wa umeme asiingie. Alikuwa na dakika kumi. Hakujua kwamba ana saa mbili. Tuliandika barua yenye mistari sita, tukaomba chumba cha huduma ya kwanza kitumike kwa kazi hiyo na kiwekewe kitasa kinachofungwa kwa ndani. Wiki ile ile uongozi ukakubali, na akina mama wengine wawili wakaanza kukitumia. Chumba kilikuwepo siku zote, hapakuwa na aliyekiomba.

Kwa hiyo omba kwa kutaja: chumba safi chenye kufungwa, kiti, mahali pa kunawa mikono, soketi kama una pampu ya umeme. Choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto, sema hivyo bila haya. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kwa muda usiozidi saa nne kwenye joto la kawaida lisilozidi nyuzi 25, na kwa joto la Dar es Salaam au Tanga mwezi wa pili usiyategemee kukaa hivyo. Kwenye frij yanakaa hadi siku nne. Yaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko, uandike jina na saa, uyasogeze nyuma ya frij badala ya mlangoni. Safari ya kurudi nyumbani, begi dogo lenye vipande vya barafu linatosha. Nyumbani mtoto anyweshwe kwa kikombe safi, maana kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa.

Saa hizo mbili ziko ndani ya saa zako za kazi. Usikubali kuambiwa uzifidie Jumamosi. Msimamizi akisema "kazi zimelundikana", mweleze kwamba uko tayari kujadili ni saa ngapi zitumike, ila kuziondoa haiwezekani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na likizo yetu ni ya wiki 12, chini hata ya wiki 14 zinazotajwa na Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000. Pengo hilo lote linazibwa na saa mbili hizi.

Hatua ya saba: wakikukatalia au kukufukuza

Anza ndani. Barua ya malalamiko kwa mwajiri, kisha kiongozi wa chama chako. TUICO wanashughulikia viwanda, biashara na mabenki, CHODAWU hoteli na kazi za nyumbani, TPAWU mashamba, TUGHE serikali na afya, TAMICO migodi. Mambo kama kiti, zamu na chumba cha kunyonyeshea yanamalizwa mara nyingi hapa, bila kufika kwenye kesi. Usipokuwa mwanachama, nenda kwa Ofisa Kazi wa mkoa wako, ana mamlaka ya kuingia na kukagua sehemu ya kazi. Hatari za kiafya kazini ziripoti OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.

Sheria iko wazi kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mwajiri mjanja haandiki "mimba". Anaandika utendaji duni, kupunguza wafanyakazi, au anasubiri mkataba wa muda maalumu uishe na kukuambia hautaongezwa. Ndiyo maana mlolongo wa tarehe ni ushahidi mkubwa: barua ya ujauzito tarehe 15 Agosti, onyo la kwanza katika miaka minne ya kazi tarehe 2 Septemba. Ukishaonyesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Mkataba ambao umekuwa ukiongezwa mara kwa mara, na uliahidiwa kuongezwa tena, nao una ulinzi: kutouongeza kunaweza kuhesabiwa ni kuachishwa. Aliye chini ya miezi sita kazini ana ulinzi mdogo dhidi ya kuachishwa isivyo halali, lakini njia ya ubaguzi bado iko wazi kwake.

Usisaini barua ya kujiuzulu uliyoandikiwa na ofisi. Hata wakikuahidi kukulipa haraka. Waambie unaipeleka nyumbani kuisoma, na uondoke.

Mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Zingatia muda: siku 30 tangu kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine, kama kunyimwa likizo au saa za kunyonyesha. Mama mwenye kichanga anaziona siku 30 zikipita kama upepo, kwa hiyo jaza fomu kwanza, ushahidi utaendelea kuukusanya. Ukichelewa kwa sababu nzito, kama kulazwa, omba kuongezewa muda ukiwa na vyeti vya hospitali. Kufungua mgogoro hakuna ada. Unachukua Fomu Na. 1 ofisi ya CMA ya mkoa, unaijaza, unampelekea mwajiri nakala, na unarudi na uthibitisho kwamba ameipokea. Kwenye sehemu ya sababu andika kwa ufupi na kwa tarehe, na taja ujauzito au uzazi waziwazi. Anayeandika tu "nimefukuzwa bila sababu" anajinyima hoja yake yenye nguvu.

Siku ya usuluhishi beba mkataba au kitambulisho cha kazi, hati za mshahara, barua zako zenye muhuri, cheti cha daktari, kadi ya kliniki, picha za ratiba na ujumbe wa simu uliochapwa. Usiye na mkataba wa maandishi usirudi nyuma: miamala ya mshahara kwenye simu, sare, na mfanyakazi mwenzako aliye tayari kusema vinathibitisha ajira. Mtoto unaweza kwenda naye, na unaweza kuomba muda wa kumnyonyesha. Mwakilishi wa chama au wakili anaruhusiwa kuwa nawe. Kama huna uwezo wa kulipa wakili, nenda TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanatoa msaada wa kisheria.

Usuluhishi una siku 30. Usipofanikiwa, shauri linakwenda kwenye uamuzi au Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, na unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Wengi humalizana hatua ya usuluhishi. Mwajiri akikupa kiasi fulani siku hiyo, omba dakika chache utoke nje, upige hesabu ya mshahara wa likizo ambayo hukulipwa, siku za likizo ya mwaka zilizobaki, notisi na fidia, kisha ndiyo urudi kujibu. Mkikubaliana, kiasi, tarehe ya kulipwa na namba ya akaunti viandikwe kwenye hati ya makubaliano kabla hujaweka saini. Hati hiyo ikishasainiwa mbele ya msuluhishi, mwajiri akishindwa kulipa unaweza kuipeleka mahakamani itekelezwe kama hukumu, kwa hiyo ondoka na nakala yako.